Kurasa sita mkononi, umati wa San Diego mgongoni

Bwana we, ukisikia watu wanataja umati, usifikirie Kariakoo mkesha wa Idi. Nenda San Diego, Marekani, mwezi wa saba, kwenye tamasha la katuni liitwalo Comic-Con. Siku nne tu, watu zaidi ya 130,000! Mbele ya ukumbi inapita reli, na treni ikija, Batman na mabinti wenye mabawa wote wanasimama kuisubiri, jasho linawatoka, kama abiria wa daladala kwenye foleni ya Tazara.

Lakini mimi sikwenda kushangaa mavazi. Nilikuwa na mzigo.

Mshikaji wangu mmoja, mchoraji wa Temeke, alinikabidhi kurasa sita za hadithi yake ya konda na mama ntilie. Kazi ya mkono hiyo, nibu na wino mweusi, mwezi mzima kainama mezani. Alisikia kwamba mama mdogo, anayeishi huko huko San Diego mtaa wa City Heights waliko Wasomali na Wakongo wengi, amebahatisha beji mbili mtandaoni. Akaja mbio. "Nakala kila mtu anazo kwenye simu," akaniambia. "Wewe peleka orijino, wakauone mkono wangu."

Kazi ikaanzia hapo. Kuzikunja kama mkeka haiwezekani, maana pale mchoraji alipofunika makosa kwa rangi nyeupe, rangi inapasuka na kubanduka. Solotepu ni mwiko, baada ya muda inageuka njano na kuacha doa. Kwa hiyo kila ukurasa uliingia kwenye mfuko wake wa plastiki, zote zikabanwa katikati ya makadi mawili magumu. Dada wa kaunta wa shirika moja la ndege akataka mzigo uende chini na masanduku. "Si karatasi tu hizo?" Nikamjibu, dada yangu, hata noti ni karatasi. Akacheka, akaniachia. Nikazipakata hadi Marekani.

Ndani ya ukumbi kuna upande wanauita Artists' Alley, yaani kichochoro cha wachoraji. Hapo ndipo penyewe. Meza kwa meza, mchoraji kakaa na faili lake kubwa la mifuko mieupe, wewe unafunua mwenyewe, lakini kidole hakigusi karatasi. Chupa ya maji iko sakafuni, siyo mezani. Kila mpita njia ana begi mgongoni, akigeuka ghafla anaweza kufagia meza nzima, ndiyo maana kazi za bei mbaya zinakaa nyuma ya kiti cha mwenyewe. Mzee mmoja muuzaji aliniambia wazi kwamba plastiki ya bei rahisi inakula karatasi kidogo kidogo, bora ile ya poliesta. Tena jua ni adui, hasa kwa kazi iliyojazwa kwa makapeni, rangi inapauka.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Kwa miaka mingi kampuni za Marekani zilijiona ndizo wenye karatasi. Nyingine zilitupwa, nyingine zikagawiwa, nyingine zikapotea kimyakimya. Jack Kirby, aliyeshiriki kuwabuni Hulk, Thor na Black Panther, alikuwa mgeni wa tamasha hili lilipoanza mwaka 1970, wakati huo watu kama 300 tu hotelini. Huyo aligombana na kampuni ya Marvel miaka kadhaa mpaka 1987 akarudishiwa kurasa kama 2,000, wakati alizowachorea zinakisiwa kupita 10,000. Sasa sikia hii: Januari 2022 ukurasa mmoja tu wa Spider-Man, uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, uliuzwa mnadani Dallas kwa dola milioni 3.36. Ukurasa mmoja! Mwaka mmoja kabla, mjini Paris, mchoro wa Tintin wa mwaka 1936 ulipita euro milioni 3, na mikunjo yake ikionekana wazi, kwa kuwa uliwahi kukunjwa kama barua.

Nikataka kununua faili la maana. Kumbe karatasi za wenzetu ni inchi 11 kwa 17, na A3 yetu ni pana zaidi kwa karibu sentimita mbili! Haiingii. Kijana wa duka akashauri nipunguze kingo kidogo. Kidogo? Nilimtazama mpaka akaona aibu, akanitolea faili la inchi 13 kwa 19. Dola zikanitoka, lakini roho ikatulia.

Ghorofani, chini ya lile paa la matanga meupe, ndiko wahariri wanakokagua kazi za chipukizi. Aliyezikagua zetu alisifu mkono, akaomba kuona hadithi ikiisha. Basi.

Niliposhuka, yule mzee muuzaji akaomba kuzifunua. Akaganda kwenye ukurasa wa nne, konda ananing'inia mlangoni na sufuria ya mama ntilie iko hewani. Akanitajia dola 200. Mwenzangu nyumbani anadaiwa kodi ya chumba miezi miwili, na mimi hilo nalijua.

Ilikuwa saa tisa alasiri, kwa hiyo Dar ni saa saba za usiku. Nikapiga. Akapokea kwa sauti ya usingizi, nikamweleza, na kwamba akiuza karatasi haki ya kuichapa hadithi inabaki yake. Kimya. Mezani kwa mzee niliona kurasa nyingi za namna hiyo, mmojammoja, hadithi zao zimetawanyika kwa watu wasiojuana.

"Wa nne ukitoka," akasema, "konda anashukaje kwenye basi?"

"Kwa hiyo?"

"Mwambie hizo ni ndugu, haziachani. Ila nitamchorea mwingine kama huo, bei hiyo hiyo. Tena muulize, hiyo saizi yao ya Kimarekani ni inchi ngapi?"