Saa ya Magharibi Mahali Pake

Binti yetu aliyeolewa Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, anajifunza CSS, lugha ya kupanga kurasa za intaneti aliyoipendekeza Håkon Wium Lie mwaka 1994. Ameanza na ratiba ya swala. Nyumbani kwake adhana haisikiki, na ratiba ya Mombasa haimfai: huko kwake jua huchelewa kuchwa kwa takribani dakika 10.

Tulipomzuru, saa ya Magharibi ilikuwa imepanda juu ya ukurasa, imeifunika ya Alfajiri. Si jambo dogo. Mla daku aitazame ipi apate kukoma?

Alikuwa ameiandikia "absolute", akaiamuru ikae juu kuliani. Kitu chenye neno hilo hutoka katika safu ya wenziwe, kikamtafuta mzazi wa karibu aliyewekewa mahali. Asipokuwapo, hushika kona ya ukurasa wenyewe. Tukayasoma maelezo mara tatu, mjukuu amelala pajani mwetu. Kisha akakiandikia kisanduku cha Magharibi "relative", na saa ikarejea kwake.

"Kumbe ilikuwa yatima, Baba," akasema.

Sasa ataka Kiarabu kianzie kulia na Kiswahili kushoto, katika ukurasa huo huo.