Mto wa Kuegemea

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, takia lilikuwa alama ya starehe na heshima: mgeni alikaribishwa, akasogezewa takia, akaegemea. Ndani yake mlijazwa sufi, zao la msufi, nyepesi na isiyonyonya maji, lakini yenye tabia ya kugandamana kadiri inavyolaliwa, hata ikabidi ianikwe juani na kuchambuliwa upya. Maarifa ya mto yalikuwa maarifa ya nyumbani, na mwenye kuulalia ndiye aliyejua umeharibika wapi.

Mama mmoja mzaliwa wa Unguja aliyahamisha maarifa hayo hadi Peckham, kusini mwa London. Kiharusi kilipompooza mkono na mguu wa kushoto, alirejea kutoka hospitali na mito ya kawaida ya kitandani, ambayo ilibonyea na kuteleza kabla usiku haujafika nusu. Mkono ukavimba. Kisigino kikawa na joto na ugumu ambao binti yake aliugundua kwa kugusa, maana katika ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza hauonekani kirahisi. Ndipo binti alipoamua kumbunia mama yake mto wa sponji.

Jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba ulaini pekee hautoshi. Uzito wa mguu hautoweki kwa kuwekewa kitu laini. Hubadili tu mahali unapotua. Kisigino kina nyama chache na mfupa ulio karibu na ngozi, kwa hiyo kinga yake ni kutoguswa na chochote. Mto mzuri hubeba shavu lote la mguu, hukoma kabla ya kifundo, na huacha kisigino kikining'inia hewani, huku goti likikunjwa kidogo. Mkono nao una mahitaji yake. Ukiachwa uning'inie, uzito wake huvuta bega lililolegea. Hivyo hubebwa kuanzia kiko, na kiganja kikiinuliwa kidogo ili maji ya uvimbe yarudi mwilini.

Jambo la pili lilikuwa sponji yenyewe. Plastiki inayotumika kuitengeneza, poliyurethani, ilibuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Wanunuzi wengi hudhani kwamba sponji nzito ndiyo ngumu, lakini uzito na ugumu ni sifa mbili tofauti. Uzito, unaohesabiwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo, hueleza zaidi sponji itadumu muda gani. Ugumu hueleza itabonyea kiasi gani ikikaliwa. Binti alifikiria kukata sponji ya kochi kuukuu, kisha akaacha. Sponji ya namna hii huwaka upesi na moshi wake huua: mwezi Mei 1979, moto ulioanzia kwenye fanicha katika duka la Woolworths mjini Manchester uliwaua watu 10, na kanuni za Uingereza za mwaka 1988 zikaja kudai sponji ya fanicha iwe ya aina inayostahimili moto. Akanunua mpya.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha sentimita 60 kwa 40 kwa 20, cha kilo 50 kwa mita ya ujazo: kilo 2.4 kabla ya kuchongwa kuwa kabari. Kilikaa imara. Kisigino kikapoa, uvimbe ukapungua. Hata hivyo mama hakukipenda.

"Mto mzuri, mwanangu," alisema, "lakini mwenyewe ni wewe. Ukenda kazini, mimi nabaki hapa hapa ulipouweka mguu wangu."

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, kuegemea na kutegemea. Anayeegemea huchagua pa kuweka uzito wake na huweza kujiondoa. Anayetegemea huenda asiweze. Mama alitaka la kwanza.

Peckham imewahi kulijaribu wazo hilo kwa upana zaidi. Madaktari George Scott Williamson na Innes Pearse walianzisha hapo, mwaka 1926, kituo cha afya cha familia, ambacho mwaka 1935 kilipata jengo kubwa katika barabara ya St Mary's. Familia zililipa shilingi moja kwa wiki, zikapata uchunguzi wa afya, bwawa la kuogelea na kumbi za michezo, na zikaachiwa zijipangie zenyewe namna ya kuvitumia. Kituo kilifungwa mwaka 1950, lakini msingi wake haujachakaa: afya humea pale mtu anapokuwa mtendaji.

Kipande cha pili kilipunguzwa upana hadi sentimita 30, kwa sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo. Uzito ukashuka hadi kilo 1 na kidogo. Binti alichonga mfereji wa kupokea shavu la mguu, akashona foronya ya pamba yenye ukanda mpana ambao mkono mmoja wa kulia unaweza kuushika na kuuvuta. Sponji nyepesi itachoka mapema. Hiyo ndiyo gharama waliyoikubali. Kigezo cha karatasi kimehifadhiwa kabatini, na mama, ambaye sasa huuweka mto mwenyewe, ndiye atakayesema lini umechoka.