Mchakamchaka wa Mugango

Aliyesoma shule ya msingi miaka ile hahitaji kuelezwa mchakamchaka. Alfajiri, kwetu Mugango, karabai za wavuvi wa dagaa zikiwa bado zinawaka ziwani kama mji wa pili, tulijipanga wawili wawili, peku, kaptura za kaki zimekazwa kwa kamba ya katani, kiranja mbele akianzisha wimbo na sisi nyuma tukiitikia, mwalimu wa zamu pembeni na fimbo yake, mpaka vumbi likatujaa kooni pamoja na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani tangu jana. Niliuchukia. Nilikimbia kwa sababu wa mwisho alichapwa.

Kisha ukaja mwaka 1980. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, jirani zetu kabisa, na habari zilipofika kwamba amechukua medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja, Mugango nzima ilijiona imekimbia. Filbert Bayi naye alikuwa ameshapata fedha yake ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Lakini sisi watoto Nyambui tulimsikia redioni tu, na redio haionyeshi miguu, kwa hiyo tukamtungia miguu: hatua ndefu kama za mbuni, goti limenyooka, kisigino kimetangulia mbele kabisa, na aliyeruka mbali kuliko wenzake ndiye aliyeitwa Nyambui siku hiyo.

Hatua hizo nilizeeka nazo. Nilipoanza kukimbia tena, umri umepita 40 na presha inapanda, ugoko wa kulia uliuma, likafuata goti. Nikapumzika miezi, nikarudi, likauma tena. Daktari mmoja aliniambia niachane na mbio, nitembee tu.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja mwalimu wa michezo. Aliniamkia, kisha goti hakuligusa. Aliomba raba, akaipindua. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje hadi sponji ikachungulia, na huku mbele, kwenye vidole, soli bado mpya.

"Mzee wangu," akasema, "unakanyaga breki kila hatua."

Akanieleza kwamba mguu ukitua mbele ya mwili, goti limenyooka, kishindo hupanda moja kwa moja. Ukitua chini ya nyonga, goti limekunjwa kidogo, misuli hukipokea. Akaniambia nikimbie nusu dakika nikihesabu mguu wa kulia peke yake. Nikapata 39. Akataka 42, kwa mwendo ule ule. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya jambo hilo mwaka 2011: ukiongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, mzigo wa goti na nyonga hupungua. Kuizoea ile 42 kulinichukua karibu mwaka. Mashavu ya miguu ndiyo yaliyolalamika mwanzoni, maana kazi ya goti ilihamia kwao.

Leo naamka kabla ya jogoo. Nazipenda mbio.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba ile 42 haikuwa ngeni. Kwenye mchakamchaka tulibanana, na ukirefusha hatua unamkanyaga mwenzako kisigino, basi kila mtu alikwenda kwa hatua fupi za haraka bila kufundishwa, na wimbo ndio uliohesabu kwa niaba yetu sote. Tuliharibika tulipoachiwa uwanja, kila mmoja akawa Nyambui wake. Sisemi peku ilikuwa bora: nina kovu la chupa kwenye wayo, na rafiki yangu alikosa muhula mzima kwa mwiba uliooza mguuni. Fimbo nayo siitamani hata kidogo.

Nikienda nyumbani hukimbia njia ile ile, kupita majabali mpaka mwaloni. Karabai zimeondoka na mvumo wake. Taa za sola ni nyeupe na kimya. Mara nyingine naanzisha wimbo mmoja wa zamani, chinichini, na hatua zinajipanga zenyewe, fupi, sawasawa, hadi mahali pa kiitikio. Hapo nanyamaza, nasikia raba zangu kwenye changarawe.