Darasa la Filamu: Ughaibuni, Mlimani na Kijana wa Chumbageni

Masomo ya filamu ya chuo kikuu yana pande mbili. Upande wa kwanza ni kuitazama filamu na kuichambua: ilivyopigwa, ilivyokatwa na kuungwa, nani aliigharamia, nani alikaa kuitazama. Upande wa pili ni kuitengeneza: kamera, sauti, taa, uhariri. Kijana wa Chumbageni, jijini Tanga, akisema anakwenda kusomea filamu, mtaani huelewa upande wa pili tu, na hata huo huuelewa kwa maana ya kwenda kuigiza bongo muvi. Vyuo vingi vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vimezitenganisha pande hizo kiasi kwamba mtu anaweza kuhitimu bila kushika kamera hata siku moja. Vyuo vya Tanzania vimeelemea utengenezaji. Tofauti nyingi za maisha ya mwanafunzi, kuanzia ratiba ya wiki mpaka kibarua cha kujikimu, zinaanzia hapo.

Utengenezaji ndio uliotangulia kupata shule. Shule ya filamu ya Moscow, VGIK, ilifunguliwa mwaka 1919, na ile ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California mwaka 1929. Uchambuzi ulichelewa kukubalika, kwa kuwa maprofesa wengi waliiona sinema kuwa burudani ya jioni isiyostahili mtihani. Uingereza ilipata idara yake ya kwanza mwaka 1960 katika Slade, shule ya sanaa ya University College London, na aliyeiongoza, Thorold Dickinson, alikuwa mwongozaji wa filamu kabla ya kuwa mwalimu. Mwaka 1967 akawa profesa wa kwanza wa filamu nchini humo. Kitabu cha David Bordwell na Kristin Thompson, Film Art, kilitoka mwaka 1979, na hadi leo wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika nchi nyingi hukutana nacho.

Tanzania ilipita njia nyingine. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikafuata Taasisi ya Picha na Sauti iliyosaidiwa na Denmark. Zote mbili zilihitaji mafundi, si wachambuzi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, filamu ilizaliwa ndani ya nyumba ya tamthilia, na mpaka sasa inafundishwa katika Idara ya Sanaa Bunifu. Malezi hayo yanaonekana kwa wanafunzi wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa: wanajua kufanya kazi kwa kundi, wanajua kumtumia mwigizaji asiye na uzoefu, na wanamfikiria mtazamaji mapema. Bagamoyo nako chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa mwaka 2007, kinafundisha kwa mkono zaidi kuliko kwa kalamu. Kijana wa Tanga anayetaka shahada ya filamu hana budi kuhama, iwe ni kwenda Dar es Salaam, Nairobi, au mbali zaidi.

Wiki ya mwanafunzi wa uchambuzi huko Toronto au London hugawanyika mara tatu kwa kila somo. Kwanza ni onyesho: saa mbili au tatu ndani ya ukumbi wenye giza, simu zimezimwa, mahudhurio yanahesabiwa. Kisha mhadhara. Mwisho ni semina, ambamo wanafunzi wachache hukaa na mwalimu na kubishana. Kazi ya kawaida ya muhula wa kwanza ni kuchukua dakika tatu za filamu na kuandika kila shoti: ya ngapi, imedumu sekunde ngapi, kamera imesimama wapi, sauti inatoka ndani ya hadithi au nje yake, kwa nini imekatwa pale. Kazi hiyo huchosha, na wengi huilalamikia. Lakini ndiyo inayomfunza mtu kuona mkato ambao mhariri ameuficha, na mwongozaji aliyeifanya kwa dhati hapigi tena picha bila sababu.

Nyumbani sehemu hiyo ya onyesho ndiyo dhaifu kuliko zote. Mara nyingi filamu hupita kwenye flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikatazamwa hosteli na watu wanne kwenye kioo cha inchi 15, katikati ya mazungumzo, na umeme ukikatika inaendelea kesho. Watu husema shida ya vyuo vya Afrika Mashariki ni kamera. Kamera siku hizi si haba, kwani hata simu inapiga picha inayotosha zoezi. Kinachokosekana ni ukumbi, na mazoea ya darasa zima kuitazama filamu moja kwa wakati mmoja na kuijadili ikiwa bado moto.

Upungufu huo unashangaza zaidi Tanga, mji uliokuwa na sinema zake, Majestic na Novelty miongoni mwazo, ambako familia zilijaa kutazama filamu za Kihindi miaka ambayo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Mwanahistoria Laura Fair alizichunguza sinema za Tanzania na watazamaji wake katika kitabu cha mwaka 2018, Reel Pleasures, na kilichomvutia ni maisha yaliyozunguka sinema: nani alikaa wapi, nani alivaa nini, mabishano yalivyoendelea hadi nyumbani. Sinema zilipofifia vikaja vibanda umiza, vyumba vya mtaani vya kuonyeshea video, na ndani yake watafsiri wa papo hapo. Maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu, aliyeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiongeza mzaha na maonyo yake mwenyewe. Mwanafunzi wa ughaibuni hufundishwa kwa heshima kubwa habari za benshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia huko Japani enzi za filamu bubu. Akiwa ametoka uswahilini anaweza kuzungumza semina nzima kuhusu jambo hilo, ila ni nadra mwalimu kujua kwamba amuulize.

Semina yenyewe ni mtihani wa tabia. Mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza, na mwanafunzi anayenyamaza huhesabiwa kuwa hakusoma. Aliyelelewa kwa shikamoo, akafundishwa kwamba mkubwa hapingwi mbele za watu, huchukua muda kuzoea kusema "sikubaliani nawe" mbele ya profesa. Mlimani mwalimu ni Daktari au Profesa, na ubishi mkali hufanyika nje ya darasa, kwenye vimbwete, ambako kwa kweli huwa mtamu zaidi.

Orodha ya filamu za kufundishia ina sura yake. Mwaka wa kwanza karibu kila mahali watatokea Eisenstein na Battleship Potemkin ya 1925, Orson Welles na Citizen Kane ya 1941, De Sica na wezi wake wa baiskeli, Ozu wa Japani. Afrika mara nyingi hupewa wiki moja, na wiki hiyo huchukuliwa na Senegal: Sembène na La Noire de... ya 1966, au Mambéty na Touki Bouki ya 1973. Ni filamu zinazostahili. Afrika Mashariki husubiri somo la hiari la mwaka wa tatu, au isitajwe kabisa. Nyumbani hali ni kinyume: filamu za Kiswahili zipo mdomoni mwa kila mtu, kuanzia Girlfriend ya 2003 na enzi za Steven Kanumba, lakini mara chache huwekwa mezani zikachambuliwa shoti kwa shoti, kana kwamba uchambuzi ni kwa ajili ya filamu za wageni tu.

Upimaji nao hutofautiana. Ughaibuni alama nyingi hutokana na insha zinazoandikwa kwa wiki kadhaa. Nyumbani mtihani wa mwisho wa muhula una uzito mkubwa, hivyo desa, yaani maandishi ya masomo yaliyorithiwa kwa waliotangulia, lina thamani, na sapu, mtihani wa kurudia, hutajwa kwa hofu kuanzia wiki ya kumi. Kuna mzigo mwingine usiosemwa sana: mwanafunzi wa Mlimani hutunga mazungumzo ya wahusika kwa Kiswahili, akawaongoza waigizaji kwa Kiswahili, kisha akatetea kazi hiyo kwa maandishi ya Kiingereza.

Kwenye utengenezaji mizani hugeuka. Chuo cha ughaibuni kina stoo ya vifaa, na mwanafunzi haruhusiwi kuchukua hata kinasa sauti bila kuweka miadi, kuonyesha bima na kujaza fomu ya hatari zinazoweza kutokea. Akitaka kupiga picha mkahawani, atalipa au atabembeleza kwa barua. Chumbageni, mwanafunzi aliyerudi likizo hupiga hodi kwa shangazi na kupata sebule, akaongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kupata barabara, na waigizaji wa umati hujikusanya wenyewe kabla hajawaita. Sheria ipo: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia. Lakini kwa upande wa watu na mahali, anayesomea nyumbani ni tajiri kuliko mwenzake wa Toronto.

Ndiyo maana wengi waliosoma nje walirudi kupiga filamu zao kwao. Haile Gerima, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA huko California, alikwenda Ethiopia wakati wa likizo akapiga Harvest: 3000 Years, iliyotoka mwaka 1976. Lupita Nyong'o, akiwa chuo cha Hampshire huko Massachusetts, ambako wanafunzi hupewa tathmini ya maandishi badala ya alama, aliifanya kazi yake ya kumalizia kuwa filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, In My Genes. Amil Shivji alisoma filamu Chuo Kikuu cha York, Toronto, akarudi. T-Junction yake ilifungua tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, mwaka 2017, na Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Martin Mhando alikwenda upande wa pili: mwongozaji wa Kitanzania aliyeishia kuwafundisha Waaustralia katika Chuo Kikuu cha Murdoch.

Kujikimu ni sehemu ya elimu, ingawa hakumo kwenye mtaala. Mwenye viza ya mwanafunzi Uingereza huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi anayoipata ni ya kuosha vyombo, kupanga bidhaa dukani au kuhudumia wazee. Haimpi ujuzi wowote wa filamu. Mwenzake wa nyumbani husubiri bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, na bumu likichelewa hupiga picha za harusi, kitchen party na send-off. Wapo wanaoicheka kazi ya harusi. Hata hivyo inamlazimisha mtu kupata sauti safi katikati ya tarumbeta, kupiga tukio lisilorudiwa, na kumaliza kuhariri kabla mama wa bibi harusi hajaanza kupiga simu.

Mwaka wa mwisho mwanafunzi wa uchambuzi ughaibuni huandika tasnifu, na hapo mtu wa Tanga ana mada iliyo karibu na kwao kuliko anavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, kulikuwa na makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi 35 kuhusu minyoo ya safura, kodi, akiba ya posta, chai na kilimo. Picha zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 16, na sauti ikawekwa kwenye santuri ili maelezo yaweze kutolewa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Kisha lori lilizungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, na kusini hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, huku waendeshaji wakiandika namna watazamaji walivyozipokea. Waafrika waliigiza na wakafundishwa baadhi ya kazi za maabara, ila majina yaliyobaki kwenye jalada la kitabu cha mradi ni ya Notcutt na Latham.

Filamu chache tu za Vugiri zimesalia, ikiwemo moja kuhusu makazi ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro, ya mwaka 1936, na zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Anayezisoma London huzifikia kwa treni ya mjini. Aliyeko Mlimani hutegemea kinachopatikana mtandaoni na walichoandika wengine. Hata hivyo ni yeye anayeweza kupanda basi la Korogwe, akauliza kwa Kisambaa au Kiswahili nyumba za mradi zilipokuwa na familia zipi zilifanya kazi huko, swali ambalo hifadhi ya London haiwezi kulijibu.

Baada ya mahafali njia huachana kabisa. Mhitimu wa uchambuzi nje hutazamia makumbusho, hifadhi za filamu, matamasha, uhariri wa majarida na ualimu. Tanzania ajira hizo zinahesabika kwa vidole. Mhitimu wa Mlimani au Bagamoyo huelekea kwenye vituo vya televisheni alikofanyia mafunzo kwa vitendo, kwenye tamthilia za mfululizo ambazo soko lake limekua tangu Azam TV ianze mwaka 2013, au kwenye mashirika yanayotumia filamu kuelimisha jamii. Mfano wa mashirika hayo upo jirani na Chumbageni: Pangani, takriban kilomita 50 kusini, shirika la UZIKWASA lilitoa mwaka 2015 filamu Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, kuhusu mwanamke aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia na jinsi kijiji kinavyolikabili jambo hilo.