Pikipiki Iendayo Juu ya Theluji

Pikipiki ni chombo kinachojulikana sana katika nchi yetu. Hubeba abiria, magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, na hata wagonjwa, wala hapana mwanafunzi katika shule hii asiyeutambua mlio wake. Lakini ni wachache waliopata habari ya pikipiki isiyo na gurudumu hata moja, ipandayo milima katika theluji inayofika kiunoni. Mimi habari hiyo niliipata kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa injini katika mji wa Calgary, nchini Kanada, naye alikuja kwetu Tanga katika likizo ya mwezi wa Juni. Nimeona yafaa kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu, si kwa kutaka kuwastaajabisha, bali kwa kuwa ndani yake mna somo la Fizikia tulilokwisha kulisoma, na tena mna jambo linalotuhusu sisi wa Kidato cha Nne hasa.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Huchukuliwa pikipiki ya mashindano ya matopeni, aghalabu yenye injini ya sentimita za ujazo 450. Gurudumu la mbele huondolewa, na mahali pake hufungwa ubao mpana wa kutelezea, ambao siku hizi si ubao bali ni plastiki ngumu. Gurudumu la nyuma huondolewa pia pamoja na vyuma vinavyolishika, na mahali pake huwekwa mkanda mrefu wa mpira wenye meno, mfano wa mnyororo wa katapila. Cheni ya injini huuzungusha mkanda huo, na meno yake huichimba theluji na kukisukuma chombo mbele. Mmoja wa watu waliokifanya chombo hiki kijulikane ni Allen Mangum wa Sandpoint, katika jimbo la Idaho, Marekani, aliyeanzisha kampuni iliyoitwa Timbersled. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Polaris. Mwaka 2017 mbio za vyombo hivi ziliingizwa katika michezo ya X Games huko Aspen, Colorado, na mshindi wa kwanza akawa Brock Hoyer wa Kanada.

Mtu aweza kudhani kwamba kazi ngumu ni kuufunga mkanda. Mjomba alisema kazi hiyo huisha kwa siku moja. Kazi ya majuma ni kuifanya injini ipumue sawasawa. Tulikuwa tumeketi barazani baada ya chakula cha jioni, nami nilimwuliza kwa nini injini iliyokwenda vizuri matopeni isiende vizuri katika theluji, hali ni injini ile ile. Akanijibu, “Mjomba, injini ni ile ile, lakini hewa si ile ile. Nenda kalete daftari lako la Fizikia.”

Basi tulianza na petroli. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, yahitaji kilo 14.7 za hewa. Injini inayotakiwa kutoa nguvu zake zote huongezewa petroli kidogo, ikapata kilo 1 kwa kilo 13 za hewa, au karibu na hapo. Petroli ikiwa haba, injini husita mtu anapovuta mafuta, joto la ndani huwa kali, na ikilemewa kwa muda mrefu pistoni yaweza kuyeyuka. Petroli ikizidi, plagi huwa nyeusi, injini humisi, na ile isiyoungua huteremka ikachanganyika na oili na kuiharibu. Kazi yote ya kuseti injini ni kuiweka kati ya hatari hizi mbili.

Kisha tulifanya hesabu ya hewa. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Siku ya nyuzi 30 kwetu Tanga, tukiongeza 273 twapata Kelvin 303. Siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri kule milimani ni Kelvin 253. Ukigawanya 303 kwa 253 wapata 1.2 hivi. Maana yake, kama mgandamizo wa hewa ni mmoja, debe la hewa ya baridi ile lina hewa zaidi ya debe la kwetu kwa sehemu moja katika tano. Lakini mgandamizo si mmoja. Katika kimo cha mita 2,000 ni kama asilimia 78 tu ya ule wa pwani. Ukizidisha 1.2 kwa 0.78 wapata 0.94 hivi. Kwa hiyo injini iliyoko juu ya mlima katika baridi hupata hewa karibu sawa na injini iliyoko Tanga juani, nayo ni bahati tu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kule bondeni kwenye mita 500, ilikuwa ikipata 1.13. Basi baina ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, hewa imepungua kwa asilimia 17, wala mpandaji hakuona kitu ila milima na theluji.

Kwa pikipiki ya kabureta mabadiliko hayo ni taabu. Kabureta ina tundu dogo la shaba liitwalo jeti, na petroli hupita kwa kadiri ya tundu hilo. Hewa ikipungua, petroli haipungui kwa kadiri ile ile, na mchanganyiko huwa mzito. Waendesha bodaboda wanaopanda kutoka Mombo hadi Lushoto waijua hali hiyo, ingawa hawaiandiki kwa namba. Lushoto iko katika kimo cha mita 1,400 hivi, na hewa ya huko ni kama asilimia 85 ya hewa ya pwani. Mpandaji huona tu kwamba pikipiki imechoka.

Pikipiki za mashindano za siku hizi hazina kabureta. Zina nozeli inayopuliza petroli, na kompyuta ndogo inayoamuru nozeli ifunguke kwa muda gani. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, nozeli hupuliza mara 75 kwa sekunde, na kila mpulizo hauna budi kumalizika kabla ya sehemu 13 za elfu za sekunde kupita. Ndani ya kompyuta mna jedwali. Upande mmoja ni mwendo wa injini, upande wa pili ni kadiri mkono ulivyovuta mafuta, na katika kila chumba cha jedwali imeandikwa namba ya petroli. Viko pia vipimo, ambavyo mafundi huviita sensa, vinavyoarifu joto la hewa, joto la maji ya rejeta na mgandamizo wa hewa, na kompyuta huongeza au hupunguza petroli kwa kufuata habari hizo.

Nilipofika hapo nilimwambia mjomba kwamba basi kazi imekwisha, maana kompyuta hupima yenyewe. Akacheka, akasema kompyuta ni kama karani mwaminifu ambaye hajapata kutoka nje ya ofisi. Huamini kila barua inayoletwa mezani kwake.

Alinipa mifano mitatu. Kwanza ni maji ya rejeta. Pikipiki nyingi za matopeni hazina thamostati, na katika baridi kali maji hayapati joto la kutosha. Kompyuta ikiona maji ni baridi, hudhani injini imewashwa sasa hivi, nayo huongeza petroli ya kuipasha moto, ikaendelea kuiongeza siku nzima, mpaka oili ikaharibika. Mfano wa pili ni sensa ya joto la hewa. Ikipashwa moto na injini iliyo karibu, huarifu kwamba hewa ni ya joto, na petroli hupunguzwa wakati ambapo hewa inayoingia kweli ni ya baridi na nzito. Tatu ni chujio la hewa. Theluji ikilifunika, hewa inayoingia ni kidogo, lakini mkono umevuta mafuta yote, na jedwali latoa petroli ya hewa ambayo haikuingia. Tena, pikipiki hizi za mashindano kwa kawaida hazina sensa ya kuupima moshi, ambayo ingeiambia kompyuta kwamba imekosea.

Kwa sababu hiyo mjomba huanza na vitu vya kushikwa kwa mkono kabla ya kugusa namba yoyote. Hukagua plagi, nafasi ya valvu, na nguvu ya pampu ya petroli. Hufunga thamostati na kuziba sehemu ya rejeta, mpaka maji yafike nyuzi 80 hivi na kukaa hapo. Huweka chujio la hewa mahali ambapo theluji haifiki kwa urahisi. Baadaye hutoboa bomba la moshi na kufunga sensa ya kuupima moshi, ambayo humwonyesha ni kilo ngapi za hewa zimeungua kwa kilo 1 ya petroli. Hupanda mteremko mmoja, kwa gia moja, na kusoma. Akiona chumba kimoja cha jedwali kimepungukiwa, hukiongezea asilimia 2 au 3, akapanda tena mteremko ule ule. Habadilishi vitu viwili kwa mara moja. Na katika daftari lake, kila ukurasa umeanza na tarehe, kimo cha mahali na joto la hewa. Namba za petroli huja baada ya hayo.

Nilimwuliza kwa nini ajisumbue hivyo, hali wako watu walioseti pikipiki kama hiyo zamani, na namba zao zaweza kupatikana. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia habari ya rafiki yake. Rafiki huyo alipewa jedwali na mpandaji wa sehemu nyingine, mwenye pikipiki ya aina moja na yake, lakini bomba la moshi lilikuwa tofauti na milima ilikuwa tofauti. Akaliingiza jedwali katika kompyuta yake jinsi lilivyo. Pale walipoacha gari, injini ililia vizuri kabisa, na wote waliisifu. Walipofika katika mteremko mrefu wenye theluji nyingi, alipovuta mafuta yote kwa dakika kadhaa mfululizo, injini ikakoma. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Katika barabara ya kwetu mtu hukokota pikipiki yake mpaka kwa fundi. Kule ilikuwa saa tisa alasiri katika mwezi wa Januari, jua likikaribia kuzama, na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Chombo cha namna ile hakibebi watu wawili katika theluji laini. Ilibidi waiache pikipiki na kuteremka kwa miguu, mjomba akimwongoza, na safari ikachukua saa tatu. Vidole viwili vya mguu wa yule rafiki viliganda, akalazwa hospitalini. Hata leo, alisema mjomba, hana hisia ya kutosha katika vidole hivyo. Naye alikuwa mtu hodari, si mzembe, na jedwali alilopewa lilikuwa sahihi kabisa huko lilikotengenezwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyorudi nayo shuleni. Wako wenzetu ambao katika maabara, wakati ukiwa mfupi, hutazama daftari la jirani na kuandika muda wa pendulumu yake. Wanasema hapana ubaya, maana jirani ni hodari na jibu lake litasahihishwa kwa vema. Lakini kamba ya jirani ina urefu wake, na yako ina urefu wako uliojipimia. Ukiandika muda wake kando ya urefu wako, umeandika habari ya pendulumu isiyokuwapo popote. Mwalimu aweza kukupa alama, na mtihani waweza kupita. Kamba haitoboki kama pistoni, na kwa sababu hiyo twaona ni jambo dogo.

Katika mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho, na baada ya hapo wengine wataingia hospitalini kupima dawa, wengine watapima ardhi, wengine watafunga nyaya za umeme, na mimi, Mungu akipenda, nataka kujifunza ufundi wa injini. Kila mmoja atapewa jedwali lililotengenezwa na mtu mwingine mahali pengine. Si vibaya kulipokea, maana hata mjomba huanza na jedwali la kiwandani. Lakini baada ya kulipokea hana budi kupanda mteremko wake mwenyewe na kusoma.

Mjomba alipoondoka Julai aliniachia kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ukutani. Nimekitundika katika chumba cha maabara kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa Fizikia. Wanafunzi wa kikundi changu sasa huandika joto la chumba juu ya kila jaribio, hata pale ambapo kitabu hakikuagiza. Vikundi vingine vyakaribishwa kukitumia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne