Barua kutoka London: Ruhusa ya Kukesha

Klabu za usiku za England na Wales zinaendeshwa chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Zamani leseni ya pombe ilitoka kwa mahakimu, na ile ya muziki na dansi ikatoka halmashauri. Siku hizi zote zimo katika leseni moja ya jengo, na anayeitoa ni halmashauri ya eneo.

Mtu aliyetoka Afrika Mashariki hushangazwa kwanza na jambo moja: sheria hiyo haikupanga saa ya kufunga. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo watu waliibandika jina la mbunge Mututho, ilipanga yenyewe saa za baa na za klabu. England mwenye klabu ndiye anayejipangia. Anaandika katika maombi yake atafungua saa ngapi na kufunga saa ngapi, mabaunsa watakuwa wangapi, kamera zitakaa wapi, muziki utaanza kupunguzwa lini. Leseni ikishatoka, maneno yake mwenyewe yanageuka masharti, na kuyavunja ni kosa la jinai: hadi miezi sita jela, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Ndiyo maana wakili mzoefu wa leseni hutumia muda mwingi kumzuia mteja wake asiahidi mengi. Aliyeandika kwamba kila anayeingia atapekuliwa, kisha afisa akaja Jumamosi usiku akakuta watu wanapita tu, amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

Maombi huambatana na ramani ya jengo inayoonyesha milango, ngazi, vyoo, kaunta na vifaa vya kuzimia moto. Ada inategemea thamani ya jengo inayotumika kukadiria kodi. Huanzia pauni 100 hadi 635, na jengo la daraja la juu kabisa ambalo kazi yake hasa ni kuuza pombe hulipa pauni 1,905. Kila mwaka kuna ada nyingine, na asiyelipa leseni yake husimamishwa.

Kisha majirani hujulishwa. Tangazo kwenye karatasi ya rangi ya buluu hafifu hubandikwa nje ya jengo kwa siku 28, na jingine hutolewa katika gazeti la eneo hilo. Nakala za maombi hufika kwa polisi, zimamoto, maafisa wa afya ya mazingira, idara ya mipango miji, wasimamizi wa ulinzi wa watoto na hata idara ya uhamiaji. Yeyote kati yao anaweza kupinga, na mkazi wa kawaida pia, ila hoja yake lazima iguse mojawapo ya mambo manne yaliyotajwa na sheria: kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa watu, kuzuia kero, na kuwalinda watoto. Anayechukia pombe kwa sababu ya dini yake hana hoja hapo. Mwenye baa ya jirani anayehofia kunyang'anywa wateja naye hana.

Pingamizi likiwepo na pande zote zisipoelewana, shauri huenda mbele ya madiwani watatu. Kikao cha namna hii hakina mbwembwe. Upande mmoja hukaa mwombaji na wakili wake, upande wa pili askari wa leseni na bibi wa ghorofa ya pili anayeeleza jinsi chupa zinavyomwagwa kwenye pipa la taka saa kumi alfajiri. Bibi huyo ni wa kuogopwa kuliko askari, maana chupa zake ni kero halisi inayoweza kuandikiwa sharti: chupa zisimwagwe nje kati ya saa tano usiku na saa mbili asubuhi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 21 za kukata rufaa mahakamani.

Katika baadhi ya maeneo, kama West End iliyo chini ya halmashauri ya Westminster, halmashauri imekwisha kutamka kwamba kumbi zimejaa kupita kiasi. Hapo mzigo humwangukia mwombaji: ni juu yake kuonyesha kwamba klabu yake haitaongeza tatizo. Tena leseni peke yake haitoshi. Kibali cha mipango miji ni jambo jingine kabisa, na klabu ya usiku imewekwa katika kundi lake, hivyo mgahawa au ghala haligeuzwi klabu bila kibali kipya. Tangu mwaka 2018 sera ya mipango imewapa wenye klabu nafuu moja ya haki: anayejenga nyumba za kuishi karibu na klabu iliyokuwepo tangu zamani ndiye anayepaswa kugharamia kuzuia sauti, si klabu.

Baada ya jengo huja watu. Pombe haiuzwi bila msimamizi aliyetajwa kwenye leseni, naye lazima awe na leseni yake binafsi. Hiyo hupatikana kwa mtu wa miaka 18 au zaidi aliyefaulu mtihani mfupi wa sheria za vileo, aliyeleta taarifa ya rekodi yake ya makosa, mwenye haki ya kufanya kazi nchini, na aliyelipa pauni 37. Si lazima msimamizi huyo awepo kila usiku, lakini likitokea la kutokea jina linaloulizwa kwanza ni lake. Mwajiri naye awe macho: tangu Februari 2024, kumwajiri mtu asiye na kibali cha kazi kunaweza kumgharimu hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na hadi 60,000 akirudia.

Mabaunsa wana sheria yao ya mwaka 2001. Kila mmoja husomea kazi hiyo, huduma ya kwanza ikiwemo, huchunguzwa rekodi, na hupewa leseni ya miaka mitatu ambayo huvaliwa mahali panapoonekana, mara nyingi mkononi juu ya kiwiko. Vijana wengi wa Kiafrika jijini wameanzia maisha hapo mlangoni, wakisimama na kidude cha kuhesabia watu mkononi: anayeingia anabonyezewa, anayetoka anapunguzwa, ili idadi isivuke ile iliyoruhusiwa. Pembeni kuna daftari la matukio. Aliyekataliwa kuingia, aliyepigana, aliyezimia chooni, wote huandikwa na saa yake, kwa sababu tukio lisiloandikwa ni vigumu kulitetea mbele ya madiwani.

Masharti mengine hayana mjadala kwa klabu yoyote. Maji ya bomba hutolewa bure kwa mteja anayeomba. Matangazo ya kunywa kwa kushindana hayaruhusiwi. Pombe haiuzwi chini ya jumla ya ushuru wake na VAT. Lazima kuwe na utaratibu wa kukagua umri. Muziki unaopigwa hulipiwa leseni yake kwa niaba ya watunzi, waimbaji na kampuni za rekodi, uwe bongofleva au chochote kingine. Wafanyakazi nao hulindwa na kanuni za kelele kazini: sauti ikifika wastani wa desibeli 85 kwa siku, mwajiri lazima awape vizibo vya masikio, na anayesimama kaunta usiku kucha anaufikia wastani huo bila taabu.

Kuhusu moto, agizo la mwaka 2005 linamtaka mwenye dhamana ya jengo afanye tathmini ya hatari na kuhakikisha milango ya dharura inafunguka. Jiji lina sababu ya kutofanya mzaha na jambo hili. Agosti 1980, katika mtaa wa Denmark Place, mtu aliyetolewa nje alirudi na petroli akaimwaga kupitia tundu la barua. Juu kulikuwa na klabu mbili zisizo na leseni, zilizopendwa sana na wahamiaji. Watu 37 walikufa. Ugaidi nao umeleta sheria yake, iliyopitishwa Aprili 2025 kufuatia shambulio la Manchester la 2017, ingawa wenye kumbi wamepewa angalau miaka miwili kujitayarisha.

Leseni iliyotolewa inaweza kuitwa tena wakati wowote ikaangaliwe upya. Fabric, klabu mashuhuri ya katikati ya jiji, ilinyang'anywa yake na halmashauri ya Islington Septemba 2016 baada ya vijana wawili wa miaka 18 kufa kutokana na dawa za kulevya. Ilifunguliwa Januari 2017 ikiwa na masharti mapya 32, yakiwemo mashine za kusoma vitambulisho na umri wa kuingia kupandishwa hadi 19. Hata hapo, masharti hayo yalitokana na makubaliano ya klabu na halmashauri.

Si kila jambo limekuwa la haki. Tangu 2005 polisi wa London walikuwa na fomu namba 696, ambayo mwandaaji wa tamasha aliulizwa humo ni muziki wa aina gani, na hapo mwanzoni hata wahudhuriaji ni wa kabila gani. Wasanii weusi walilalamika miaka mingi kwamba fomu hiyo iliwafungia milango. Ilifutwa Novemba 2017.

Waswahili wengi wa ughaibuni, hata hivyo, hawafungui klabu. Wanakodi ukumbi kwa usiku wa taarab au sherehe ya Jamhuri. Kwao ipo njia fupi: taarifa ya shughuli ya muda, pauni 21, ipelekwe halmashauri siku kumi za kazi kabla, siku ya shughuli yenyewe isihesabiwe. Anayechelewa anaweza kupeleka hadi siku tano za kazi kabla, lakini hapo polisi au watu wa mazingira wakipinga, hakuna kikao; shughuli imekufa, na tiketi zirudishiwe wenyewe. Waliomo ndani wasizidi 499 kwa wakati mmoja, na waandaaji hukosea hesabu hapo, kwa kuwa wanahesabu tiketi tu. Idadi hiyo ni ya kila mtu, akiwemo DJ, mabaunsa na mama anayepakua pilau.