Amana ya Vifuko Vitatu



Vijana wengi hutuuliza tulifanya kazi gani katika jangwa la Oman miaka ile tuliyokuwa mbali na kwetu Unguja. Tukiwajibu kwamba tulikuwa tukiangalia matope, hucheka. Wazee wao hutuonea huruma, wakidhani tulisoma miaka yote ile tukaishia kuwa vibarua wa kuchota tope. Basi leo twapenda kuieleza kazi hiyo, na kueleza pia kosa tulilolifanya ndani yake. Huenda likamfaa kijana anayekwenda kuanza kazi yoyote ya kuaminiwa.

Kisima cha mafuta au cha gesi hakichimbwi kwa sululu. Kekee yenye meno magumu hufungwa kwenye ncha ya mabomba ya chuma, huzungushwa, nayo hutafuna mwamba. Ndani ya mabomba hayo husukumwa matope yaliyotengenezwa makusudi kwa maji au dizeli, udongo, na unga wa jiwe zito liitwalo baraiti. Matope hushuka mpaka chini, hutokea kwenye meno ya kekee, kisha hupanda juu kwa nje ya bomba. Huipoza kekee, huzipandisha chenga za mwamba, na kwa uzito wake huizuia gesi iliyo chini isije juu kwa ghadhabu. Yafikapo juu ya ardhi hupita katika chekecheke kubwa. Matope hurudi katika matangi, na chenga hubaki juu ya wavu.

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Kila mita 5 za kisima tulichukua konzi ya chenga, tukaziosha, tukazitia katika kifuko na kuandika kina chake. Nyingine tukazitazama kwa hadubini, kama mama anavyochagua mchele katika ungo. Tulidondoa asidi juu yake. Jiwe la chokaa hutoa povu, na udongo mgumu hunyamaza. Tulizimulika kwa taa ya urujuani, kwani chenga yenye mafuta hung'aa chini yake. Gesi iliyomo katika matope ilipimwa usiku na mchana. Na zaidi ya yote tuliyatazama matangi. Matope yakiongezeka bila ya mtu kuyaongeza, basi kuna kitu huko chini kinachoyasukuma. Yakipungua, mwamba unayanywa. Hali zote mbili zina hatari.

Tena msomaji na afahamu kwamba chenga azionazo mtu sasa hazikukatwa sasa. Katika kisima chetu kila mita moja ilibeba lita 63 za matope nje ya bomba. Kwa kina cha mita 3,000 hizo ni lita 189,000, na pampu ikisukuma lita 3,000 kwa dakika, chenga huchukua dakika 63 kufika juu. Asiyeijua hesabu hii ataandika mwamba wa hapa kwa kina cha pale.

Sasa twaja kwenye kosa letu. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili, na sisi tulishika ya usiku. Usiku mmoja msaidizi wetu aliugua homa, tukabaki peke yetu. Baada ya saa tisa usingizi ulitushinda tukiwa juu ya kiti. Tulipozinduka, chenga za mita 2,910, 2,915 na 2,920 zilikuwa zimekwisha pita na kumwagwa shimoni. Tuliingiwa na hofu ya kufukuzwa. Tulikuwa tumewahi kuwasikia wakubwa wetu wa kazi wakisema kwa mzaha kwamba mawe hayana ulimi. Basi tukachukua kifuko cha 2,905, kilichojaa udongo mgumu wa kijivu, tukakigawa katika vifuko vitatu, tukaviandika namba, na katika daftari tukajaza mistari mitatu: udongo, udongo, udongo.

Zikaja chenga za 2,925. Ndani yake mlikuwa na nyeupe, na asidi ikatoa povu.

Baada ya sala ya alfajiri aliingia mtaalamu wa miamba, mtu mzima wa Sudan, mpole wa maneno. Yeye ndiye aliyekuwa na amri ya kusema wapi kekee isimame ili kisima kivishwe bomba la chuma na kumiminwa saruji, kabla ya kuingia katika chokaa yenye gesi. Ikiwa nyeupe ile ilikuwa tabaka jembamba lililoanza 2,925, ilifaa kuendelea. Ikiwa chokaa yenyewe ilikwisha anza nyuma, ilipasa kusimama hapo hapo, kwani matope yetu hayakuwa na uzito wa kuizuia gesi ile. Akaitazama karatasi ya mwendo wa kekee, akatazama vifuko.

"Mwanangu," akasema, "karatasi yaonyesha kekee ilishika kasi kwenye 2,912. Vifuko vyako vyasema ni udongo ule ule. Nishike kipi?"

Nje tuliisikia mitambo ikinguruma, na watu zaidi ya thelathini walikuwa juu ya kisima kile au wamelala karibu yake. Tukasema, "Sheikh, vifuko hivyo vitatu ni vya uwongo. Tulilala."

Hakutukaripia. Alitoka mbio kuisimamisha kekee. Matope yakazungushwa mpaka chenga zote zilizobaki zikapanda, nazo zilikuwa nyeupe tupu. Bomba likateremshwa pale pale. Aliporudi, alitwaa kalamu akaifuta mistari yetu mitatu na kuandika: hakuna chenga. Kisha akatuambia kwamba penye pengo yeye hujua kuwa hajui, akatahadhari. Lakini palipojazwa uwongo huenda mbele kama kipofu. Tulikatwa mshahara wa wiki mbili, na ilikuwa haki.

Tulilikumbuka neno lake mwaka 2010. Tarehe 20 Aprili ya mwaka huo kisima cha Macondo kililipuka katika Ghuba ya Mexico, wakafa watu 11, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba siku ile matope yalikuwa yakihamishwa kwenda kwenye meli, ikawa vigumu kwa watazamaji kulinganisha yanayoingia kisimani na yanayotoka.

Gesi iligunduliwa kwetu Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Huenda mtoto wako, ewe msomaji, akakaa siku moja mbele ya hadubini kama tulivyokaa sisi. Mfundishe hesabu na ilimu ya miamba, na pamoja na hayo mzoeze tangu udogoni kusema "nimekosa" bila ya kungoja kubanwa. Sisi tulingoja mpaka tukaulizwa, na jambo hilo latuuma hata leo. Amana huharibika kwa mambo madogo, katika saa ambayo hapana mtu atazamaye ila Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.